Ruta Ndani ya Kabati la Chuma

Kisangani, Kabondo
Mwezi wa saba, 2025

Kwako yaya wangu, dada yangu mkubwa mpendwa Victoire,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na binti yako Élise na wadogo zake, na mama pia kama magoti yake bado yanamsumbua. Huku sisi ni wazima kwa neema ya Mungu, isipokuwa joto, ambalo halijawahi kumhurumia mtu wa Butembo, na mbu wa Kabondo, ambao naamini sasa wananijua kwa jina. Mume wangu Sylvain anakusalimu. Hajui kama nakuandikia, lakini angejua angekusalimu, kwa hiyo si uongo.

Najua umeshangaa kuona karatasi wakati tuna simu. Tulia, utaelewa. Barua hii nimeishona ndani ya pindo la hiki kitambaa cha kikwembe, na papa Dominique, dereva wa lori, anajua tu kwamba amebeba zawadi ya Élise. Ukiwa umekuta uzi wangu umekatika kabla hujaukata wewe, ujue kuna mtu ametutangulia kusoma. Sisemi ni Dominique. Lakini tangu mwaka huu uanze sisemi pia kwamba siye. Tafadhali soma peke yako, mlango umefungwa, na kabla hujafika mwisho usipige kelele hata kidogo.

Unanijua, yaya. Marehemu baba alikuwa akisema kwamba hata kuku akinitazama mara mbili nitamuuliza anataka nini. Siku hizi siyo mimi peke yangu. Tangu zile drone za vita zilipokuja upande wa uwanja wa ndege, mji mzima unatembea shingo upande. Mtu akisimama kwenye kona na kuongea kwa simu, watu wanamuuliza anaongea na nani. Na sisi watu wa Kivu, ambao Kiswahili chetu kinasikika kuwa kimetoka mbali, tunaulizwa mara mbili.

Katikati ya hali hiyo ndipo Sylvain alipoleta nyumbani ile antena ndogo ya setilaiti pamoja na ruta yake. Goma ilipoanguka mikononi mwa waasi, biashara yetu ilikatika mkono mmoja: mali haipiti tena huko, na bila mtandao hatuwezi kuongea na wauzaji wa Kampala. Sylvain alichukua jina la mtandao wetu wa zamani na neno la siri la zamani akayaweka kwenye ruta mpya, ili simu zetu zijishike zenyewe bila usumbufu. Ni lile neno ambalo mume wako, shemeji Alexis, alituwekea Noeli iliyopita, alipopata likizo yake ya jeshi akaja kukaa nasi: jina la Élise na mwaka wake wa kuzaliwa. Mimi nilitaka libadilishwe. Sylvain alisema tuliache, ni kumbukumbu ya marehemu. Nilikubali, maana hapo hata mimi machozi yalinijia.

Mtandao ulikuwa mzuri kwa muda mfupi, kisha ukaanza kulegea. Picha haifunguki, appel ya simu inakatika katikati ya salamu. Na hapo ndipo ulipofika ujumbe wako wa sauti, ule mrefu, na chini yake ukaandika kwamba nisikilize na nisikupigie, kwa sababu nyumba imejaa watu wa ukweni. Yaya, kile kialama cha kupakua kilizunguka mpaka nikapata kizunguzungu mimi. Nilizima simu nikaiwasha. Nilizima ruta nikaiwasha. Nilijua una shida, sauti yako iko ndani ya mkono wangu na siwezi kuisikia. Nilikasirika mpaka nikamgombeza Sylvain kwa kosa la kupumua.

Kwanza nilimshuku Sylvain mwenyewe, kwamba anamaliza mtandao wote kwa kutazama mipira, au wanawake. Nilimnyang'anya simu kwa siku moja. Mtandao haukupona. Kisha nilimshuku fundi wetu, kijana mmoja anaitwa Émile, kwamba ametuharibia makusudi ili tumwite tena. Tulimwita tena. Alipanda juu, akatazama, akashuka anacheka. Alisema: “Mama, antenne yenu haiangalie mbingu, iko inaangalia majani.” Kumbe Sylvain, kwa kuogopa macho ya watu wa avenue, mtaa wetu, alikuwa ameisogeza chini ya mwavokado ili watu wasiione. Watu hawakuiona, na yenyewe haikuona kitu. Émile aliipandisha juu ya paa la jiko, mahali pa wazi, akapima, akasema sasa mtandao unaingia vizuri hadi kwenye ruta.

Lakini sebuleni hali ilibaki vilevile. Émile aliniuliza ruta iko wapi, anataka kuiona. Hapo nilimwambia kwamba iko chumbani kwangu na mwanamume wa nje haingii huko. Ukweli ni kwamba iko ndani ya kabati la chuma. Unakumbuka duka letu lilivyovunjwa. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Tangu siku ile kila kitu chenye thamani kinalala ndani ya lile kabati, vikwembe vya jumla, redio, hati za parcelle, kiwanja chetu, na ufunguo unalala kifuani mwangu. Sylvain alilitoboa nyuma, upande wa ukuta, akakata kipande kizima cha bati ili nyaya zipite. Sikutaka Émile aone vilivyomo. Fundi leo, mwizi kesho, nani anajua. Basi akaniambia, huku akichukua begi lake, kwamba nizunguke na simu nyumba nzima nikitazama vile vimistari vya mtandao, mahali vinapojaa nitajua tatizo liko wapi.

Nilizunguka. Sebuleni kimoja. Mezani kimoja. Chumbani kwa watoto hakuna kitu. Nikatoka nje nyuma ya nyumba, kwenye kile kinjia chembamba kati ya ukuta wetu na chumba cha nyuma cha jirani yetu papa Zuberi, na hapo vimistari vikajaa vyote.

Papa Zuberi ulimwona ulipokuja kwenye ubatizo: ni yule fundi cherehani Mwislamu, wa zile familia za zamani za mji huu, anayeshona mbele ya nyumba yake akitazama avenue juu ya miwani. Tumekuwa majirani wazuri wa salamu. Nami hapo, nikiwa nimesimama kwenye kinjia, nilielewa mara moja, au nilidhani nimeelewa. Mtandao wangu umekwenda kwake! Ameuvuta. Ndiyo maana kwangu hakuna na kwake umejaa. Kikulacho ki nguoni mwako.

Lakini kabla sijamaliza kukasirika, ujumbe wako ukafunguka. Nikauweka kwa sauti kubwa, hapohapo, nimeegemea ukuta. Yaya, nilisikia yote. Nilisikia kwamba ndugu za Alexis wanasema miezi imetosha, kuna mwenzake aliyemwona akianguka Goma, na mwisho wa mwezi ujao wataondoa kilio. Kwamba siku hiyo utavua nguo nyeusi, na utaulizwa mbele ya wazee umchague mmoja wa ndugu zake akusimamie wewe na watoto. Kwamba mdogo wake Isaïe tayari ameleta mbuzi. Na ulivyolia mwishoni ukiniuliza: Kavugho, nifanye nini, kama hakufa je? Nami nililia pale nje, mtu mzima mimi.

Sasa sikiliza. Ulipotaja jina la Alexis, nyuma ya ukuta kitu kilianguka. Chombo cha chuma, sahani au kikombe. Kisha nikasikia mtu akikohoa kwa kuziba mdomo, kikohozi cha mwanamume, na papa Zuberi nilikuwa nimemwacha mbele kwenye cherehani yake, naisikia inapiga. Kwa hiyo si mtandao tu, nilijisemea. Kuna mtu amewekwa kule ndani kutusikiliza.

Niliingia ndani, nikafungua ile programu ambayo Émile aliwahi kuniwekea kwenye simu, mahali ruta inapoonyesha simu zinazoishika. Ya Sylvain ilikuwepo, yangu, ya watoto, na moja zaidi isiyo yetu. Nikabadilisha neno la siri papo hapo. Sylvain alisema niache, labda ni mtoto wa jirani anatafuta muziki. Nilimwambia watoto wa jirani hawakohoi namna ile.

Kesho yake mama Sikujua, mke wa Zuberi, alikuja kwangu. Mwanamke huyo hajawahi kuniomba hata kijiko cha chumvi. Siku hiyo aliomba chumvi, akapewa, akakaa. Tuliongea bei ya mchele wa Bengamisa, tukaongea mvua, na chumvi yake mkononi. Mwisho, akitazama miguu yake, akauliza: “Mama Kavugho, connexion kwenu iko? Ama ilikufa?” Nilimwambia iko, ila tumeifunga, kwa sababu ya wezi. Alitikisa kichwa, akaenda. Nikajua nimewapata.

Na kama ungepanga usingeweza kupanga vizuri zaidi, wiki hiyohiyo chef wa avenue, mkubwa wa mtaa, akabisha kwetu. Alisimama mlangoni, akanyoosha kidole kuelekea paa la jiko. “Mama, batu banasema ile antenne yenu ndiyo iko inaita drone. Mimi siseme hivyo. Batu ndiyo banasema.” Aliongeza kwamba Jumatatu atarudi pamoja na watu wa usalama waangalie nyumba. Yaya, hebu fikiria. Mnande, mtu wa Butembo, mfanyabiashara, ana antena, leo hii, Kisangani. Watu wamechomewa nyumba kwa kidogo kuliko hicho. Nikamwambia chef, na maneno haya nayaandika nikiona haya, kwamba kabla ya Jumatatu nitamletea habari ya nyumba nyingine anayopaswa kuitazama kwanza.

Nilitaka kwanza nione kwa macho yangu. Nilikuwa na sahani ya mama Sikujua tangu Idd, aliponiletea pilau, na unajua sahani ya mtu hairudishwi tupu. Nikapika maharagwe yetu, nikaijaza, nikaifunika kwa kitambaa, nikaenda. Sikupita mbele. Nilipita kwa nyuma, kwenye kamba yao ya nguo, ili nichungulie kile chumba.

Kwenye kamba kulikuwa na sweta.

Yaya, ni nani anavaa sweta Kisangani? Hapa hata shuka usiku ni adhabu. Sweta ya sufu, ya kijani kibichi, imefuliwa, inachuruzika maji. Nilisogea. Kiwiko cha kushoto kilikuwa kimetobolewa na kushonwa tena kwa uzi mwekundu, kwa ule mshono wako wa kuvuka mara mbili ambao mama alikuwa akikugombeza kwamba unamaliza uzi. Nilikuwepo ulipoushona. Tulikuwa tumekaa jikoni kwako, siku nilipowatembelea Butembo, na Alexis anakuharakisha kwa sababu gari la kumrudisha Goma linamngoja.

Na hata hapo, dada yako, unajua nilifikiri nini? Nilifikiri wamenunua nguo za maiti. Nilifikiri Zuberi anafanya biashara na waporaji, anatengeneza nguo za wafu wetu na kuziuza sokoni. Niliingia ndani bila hodi, nikaweka sahani mezani kwa kishindo, nikamuuliza mama Sikujua sweta ile ni ya nani na ameitoa wapi. Alisema: “Uko unauliza kitu mingi. Ikala kwanza.” Nikakaa. Yeye akaenda mbele, cherehani ikanyamaza, na papa Zuberi akaingia akifuta miwani yake. Yeye hakujibu swali langu. Aliniuliza kama chef wa avenue alikuja kwangu, na nilimwambia nini. Nikamwambia ukweli, kwa sababu nilikuwa nimechoka. Alivaa miwani yake. Kisha akasema kama nimekwisha kumtaja basi nimekwisha kumtaja, na kama bado, nije nione huyo ninayetaka kumtaja.

Alifungua mlango wa chumba cha nyuma. Mume wako alikuwa amekaa juu ya mkeka, ameegemea ukuta wetu, ana simu mkononi.

Usipige kelele, yaya. Weka mkono mdomoni. Alexis yuko hai. Amekonda, ana ndevu za mzee, mguu mmoja anaukokota, lakini ni yeye, na aliponiona aliinamisha kichwa kama mwenye kosa ni yeye.

Aliniambia kwamba Goma ilipoanguka alitupa magwanda yake, akatoka na watu waliokimbia, akapita misitu ya Walikale hadi Lubutu, mara kwa mguu, mara nyuma ya pikipiki za watu wema. Hakuthubutu kwenda Butembo, kwa sababu huko kila askari anamjua, na wanajeshi waliokimbia wanakamatwa na kupelekwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Alijua mahali pamoja tu ambapo angefunguliwa mlango bila kuulizwa, ndiyo nyumba ya mdogo wa mke wake.

Na hapa ndipo penye neno ambalo limenifanya niandike na kuchana karatasi kabla ya hii. Alikuja, yaya. Alibisha kwangu, mchana, watu wanapita. Nilichungulia kupitia tundu la geti nikaona mwanamume mchafu, ndevu, sweta mabegani kwenye jua lile. Hakuweza kutaja jina lake, kulikuwa na askari wawili wanakunywa soda kwenye kioski ng'ambo ya barabara. Alinisalimu polepole kwa Kinande, akaniambia nifungue, yeye ni mtu wa nyumbani. Siku hizo matapeli walikuwa wakitumia Kinande kufungulisha mageti yetu, na nilikuwa nimeapa hawatanipata. Nilimjibu kwamba nyumbani kwake sipajui, na akiendelea kusimama pale nitawaita wale askari. Nilimwambia hivyo mume wako. Aliondoka. Papa Zuberi alikuwa ameona yote juu ya miwani yake. Alimwita kwa sauti ya kawaida, kama anamwita mteja aje kupimwa suruali, akamwingiza ndani, na tangu siku ile anakula kwao.

Nilimuuliza Zuberi kwa nini hakunifuata aniambie. Alinijibu bila hasira kwamba mtu niliyekuwa tayari kumpa askari kupitia tundu la geti, hakuona sababu ya kumpitisha kwangu mara ya pili.

Alexis anasema alipolala juu ya mkeka ule siku ya kwanza, simu yake ilijishika yenyewe. Lile neno la siri aliloliweka kwa mkono wake bado lilikuwemo. Nyumba yangu ilimtambua, yaya. Mimi ndiye sikumtambua. Na kwa sababu kabati la chuma linaziba mtandao kila upande, nao unatoka tu kupitia lile tundu la nyuma, wote ulikuwa ukimwendea yeye, na sisi wenye nyumba tunabaki na mabaki. Kila siku alikuwa akifungua status zako na kutazama watoto, bila kuandika neno wala kuacha alama ya kwamba ametazama, akiogopa kwamba simu yako inapitiwa na watu. Aliiona ile picha yake mwenyewe uliyoweka na mshumaa. Siku niliyokisikia chombo kikianguka, ilikuwa sauti yako imempata, ikipita ukuta. Na saa hiyohiyo nikamfungia mlango mara ya pili, kwa kubadilisha neno la siri.

Jumatatu chef alikuja na watu wake. Nilifanya kitu ambacho Sylvain mpaka leo hajakielewa. Nilitoa ufunguo kifuani, nikawafungulia kabati la chuma mbele yao wote, nikawaonyesha ruta, taa zake, nyaya zake, nikawaonyesha ujumbe wa wauzaji wa Kampala. Nikawaambia majirani zetu wote ni watu safi, hasa fundi cherehani. Waliondoka. Chef alitamani kikwembe kimoja, nami nikampa, tena cha wax nzuri. Inaniuma, lakini imepita.

Neno la siri nimelirudisha lile la zamani. Émile akipita ananiambia nitoe ruta nje ya kabati niiweke juu, sebuleni, mahali pa wazi. Nimemwambia nitafikiri. Sylvain analalamika kila jioni kwamba mtandao unakwenda kwa kuchechemea, nami namwambia ni mvua. Yeye ni mume mwema, lakini akiisha kunywa chupa mbili hana siri. Itakaa humohumo kabatini, tundu likitazama ukuta wa Zuberi, mpaka Mungu atakapotutolea njia.

Basi, yaya, jibu la swali lako ni hili. Usimchague mtu. Usivue nguo nyeusi, na usicheke ovyo. Waambie wakwe zako kwamba mdogo wako Kisangani ni mgonjwa na anakuita, kwamba unakuja na watoto, na kilio kitaondolewa ukirudi. Papa Dominique anarudi na lori mara convoi ya Komanda, ule msafara wa malori, ikifunguka. Kiti cha mbele nimekwisha kukiomba. Nilimwomba Alexis aongeze hapa mstari mmoja kwa mkono wake. Alishika kalamu muda mrefu, akanirudishia. Badala yake alikata kipande cha uzi mwekundu kwenye kiwiko. Kimo ndani ya karatasi hii, angalia usikidondoshe. Ukiisha kukishika, choma barua.

Usinijibu kwa sauti wala kwa maandishi. Weka tu kwenye status yako picha ya Élise amevaa kikwembe hiki, bila neno lolote. Kuna mtu ameegemea ukuta, anaingoja.

Msalimie mama, mwambie nitamtumia dawa ya magoti. Wabusu watoto, na Élise mara mbili, moja ni yangu. Wasingya, asante, yaya, kwa subira yako yote, na unisamehe lile geti.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda,

Kavugho